Waya Nilioubana Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kapata! Jumamosi yeye ndiye fundi wa sauti kwenye mahafali ya chuo, ukumbi mkubwa. Sauti ikitoka safi mpaka mwisho, bosi wa kampuni ya vyombo vya muziki anamwajiri moja kwa moja. Nimeshawaambia majirani wote. Hata wasiouliza.

Alhamisi, 6 Machi
Nyumba imejaa nyaya. Kaka yangu, fundi redio, kaja kubishana naye. Vichwa vya nyaya vilehemiwe, anasema — risasi ya kulehemu ikiyeyuka ikaganda, haing'oki mpaka kiama. Binti kacheka.
"Mjomba, redio zako zinakaa kabatini. Nyaya zangu zitakanyagwa na kukunjwa. Ukilehemu, waya unakakamaa, unakatika."
Yeye kichwa anakibana kwenye waya kwa koleo tu — ka! — basi. Mtoto ana majibu huyu! Kanirithi.

Ijumaa, 7 Machi
Binti kaenda kuchukua spika, kaacha waya mmoja hauna kichwa. Nikasema nimsaidie. Mimi sipendi ndugu wagombane — ncha nikazipaka lehemu ya kaka, kisha nikazitia kwenye kichwa na kukibana kwa koleo. Wangu una dawa zote mbili! Nikauchanganya na wenzake. Sikumwambia mtu.

Jioni. Nimemuuliza kaka, kwa mbali, kama habari za mtu mwingine. Kashika kichwa. Lehemu ni laini, ukiibana inabonyea polepole, waya unalegea, unachomoka. Hata yeye hathubutu kuchanganya hivyo.
"Mshika mawili, dada, moja humponyoka. Nani huyo mjinga?"
Nikasema simjui.
Nyaya zimeshaondoka na gari. Simu ya binti haipatikani!

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika kabla ya wageni, gauni jipya. Nikamvuta binti pembeni nimwambie.
"Mama, bosi ananitazama. Nenda kakae, nimekuwekea kiti mbele."
Kaondoka kabla sijafungua mdomo.

Mkuu wa chuo kaanza hotuba — krr! krr! Bosi kakunja uso. Nikazunguka nyuma ya pazia, nikaufuata waya wa maiki mpaka penye kichwa kinachocheza. Nimekikamata. Sauti tuli! Nikilegeza — krr!

Naandika kwa mkono mwingine, daftari gotini. Vidole vimekufa ganzi. Hotuba imekwisha. Sasa bosi kashika maiki — anamsifu! Mambo yakienda hivi mpaka mwisho, anasema, Jumatatu binti anaanza kazi. Makofi! Halafu anauliza — jamani — mama aliyemzaa fundi huyu yuko wapi? Asimame tumwone.

Nachungulia. Binti anakitazama kile kiti cha mbele. Kitupu.

Bosi anaita tena. Kwa maiki hii hii ninayoishikia waya.