Sikudhani na Njia ya Ng'ombe

Umetimia mwaka, Sikudhani, tangu Jumanne ile ya mwezi wa sita ulipoanguka katikati ya mazoezi, saa kumi jioni, miguu mitupu, kwenye sakafu uliyokuwa umeipiga deki mwenyewe mchana wake.

Familia imeniagiza mimi, dada yako Hamida, niandike. Baba alisema, "Andika wewe, wewe ndiye uliyekaa naye." Mama alisema niandike kwa ufupi. Nitajaribu.

Kwa wasiokujua: ulizaliwa Pahi, Kondoa, miaka tisa baada yangu. Mama alikuwa amekwisha kata tamaa ya kupata mtoto mwingine, ndiyo maana akakuita Sikudhani. Ulikuja Dodoma kusoma chuo, ukafikia kwangu Nkuhungu, na hukuondoka tena. Kazi yako ilikuwa kutunga michezo ya jukwaani inayosimuliwa kwa dansi, hadithi nzima mwilini, maneno machache au hakuna kabisa. Watu waliponiuliza mdogo wangu anafanya nini, nilisema anafundisha. Ilikuwa rahisi kusema hivyo pale kazini kwangu, masjala ya Chamwino. Nisamehe.

Ulikuwa na tabia ya kutazama watu mpaka unatia aibu. Tukiwa benki, ulimkazia macho bibi mmoja anavyoinuka kwenye benchi, mkono mmoja gotini, mwingine ukitafuta ukuta, na tulipofika nyumbani uliinuka kama yeye mara ishirini sebuleni. Siku moja ulinifuata kazini ukakaa na wanaosubiri tangu asubuhi hadi jioni. Mlinzi alikuja kuniuliza, "Mama, yule dada pale ana shida gani? Haulizi kitu, haondoki." Miezi mitano baadaye ukatoa *Zamu ya Nani*. Wenzangu wa ofisini walikuja. Mkuu wangu alijitambua kwenye namna mchezaji alivyofunua jalada bila kulisoma, akacheka mpaka akavua miwani.

Kisha ukaenda Kibaigwa, soko la mahindi, ukacheza *Gunia* na vijana wako katikati ya malori, adhuhuri, vumbi limetanda. Ludovick alikuwepo. Wakati huo alikuwa mpakiaji wa magunia, hajawahi kuona dansi ya namna hiyo maishani. Alisimama akacheka, kisha akakasirika. Akapaza sauti, "Dada, gunia halibebwi hivyo! Utavunja watu migongo!"

Ukasimamisha mchezo mbele ya watu wote, ukamwambia, "Basi njoo unionyeshe."

Akaja. Amekaa na kikundi chako miaka sita.

Uliwapenda vijana wako kwa namna ya ukali. Uliwapikia uji wa ulezi, na aliyechelewa hakupata. Mazoezi uliyahesabu kwa Kirangi, lugha ya kwetu, moja mpaka nane, kwa sababu ulisema kwa Kiswahili unajikuta unahesabu kama mwalimu wa mchakamchaka. Wote wakajifunza, Wagogo, Wasukuma, na Ludovick wa Bukoba.

Nyumbani Pahi hatukuizungumza kazi hiyo. Tuseme ukweli, Baba aliionea aibu, nawe ulijua. Hakukugombeza hata siku moja. Ulipofika alikupokea mzigo, akakuuliza afya, akakuuliza kama Dodoma mvua imenyesha. Akaishia hapo. Miaka kumi na moja aliishia hapo.

Mwaka juzi ulikwenda nyumbani ukamkuta anapepeta ufuta. Ukakaa chini, ukamwuliza habari za ule mwaka ambao serikali iliamuru mifugo yote itoke milimani, ardhi iliyoliwa na makorongo ipate kupumzika. Sote tulijua Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, na kwamba yeye ndiye aliyewapeleka tambarare ng'ombe wa babu. Zaidi ya hapo hatukujua. Alikwambia, "Tuliwapeleka. Ndiyo amri ilikuwa." Ukamwuliza, "Baba, mtu anatembeaje na ng'ombe wasiotaka kuondoka?" Aliweka ungo chini, akainuka, akakuonyesha: hatua fupi, magoti yamelegea, bega moja limeshuka. Akafika kwenye mti wa mpera, akarudi, akaendelea kupepeta.

Uliporudi kwangu ulitembea hivyo jikoni, ukaniambia, "Dada, nimepata mchezo. Utaitwa *Njia ya Ng'ombe*." Nikakuuliza kama Baba anajua. Ukasema, "Nitamwomba ruhusa ukikamilika. Naogopa kumwomba kitu ambacho hakijakamilika."

Ulipoanguka, onyesho lilikuwa limebakiza siku kumi na moja.

Jumamosi ile ulilalamika kichwa. Nilikuwa nachambua mchicha. Ulisema, "Dada, kichwa kinaniuma kama kimekazwa kamba." Nikakwambia, "Hujanywa maji tangu asubuhi. Kunywa maji, ulale." Ukanywa maji, ukalala. Jumapili ukasema kimepungua. Jumatatu hukusema kitu, nami sikuuliza. Jumanne Ludovick akanipigia simu nikiwa masjala.

Daktari alitueleza kwamba mshipa ulipasuka kichwani. Alisema hata ungeletwa mapema huenda isingesaidia. Alisema huenda. Nimekaa na neno hilo mwaka mzima. Nimemwambia kaka yetu Msafiri, nimemwambia Mama, na sasa nakwambia wewe mbele ya watu: nilikwambia unywe maji.

Sikulia, mdogo wangu. Wanawake waliokuja kutupa pole walinisifu, wakasema Hamida ana subira. Haikuwa subira. Nilikufa ganzi. Ni kama mkono ulioulalia: unauona, unajua ni wako, ukiubana hausikii. Nilikuosha pamoja na shangazi zako. Nilikukafini. Nilikumbuka kuweka pamba. Tulipomaliza niliuliza kama watu wameshapata chai.

Vijana wako walikuja mazikoni kwa Coaster, wakasimama nje ya uzio hawajui waingie au la. Ludovick alikwenda kwa Mama. Alitaka kumpa pole kwa lugha yetu, na Kirangi chake chote kilikuwa hesabu yako. Akapiga magoti, akamshika mkono, akahesabu moja mpaka nane, basi. Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akammalizia: tisa, kumi.

Baada ya maziko Baba aliwafuata walipokaa. Aliwashukuru kwa safari, akauliza, "Huo mchezo wenu ulikuwa uwe lini?"

"Wiki ijayo, Mzee," Ludovick akasema. "Tumeusimamisha."

"Unahusu nini?"

Ludovick akanitazama. Wote wakanitazama. Nikasema, "Unahusu ng'ombe, Baba. Mwaka ule. Mwendo aliuchukua kwako."

Baba akatazama miguu yake mwenyewe. Akasema, "Haya." Akaenda kutawadha.

Sijui nikueleze nini juu ya miezi iliyofuata. Nilikwenda kazini kila siku. Majalada yalikuja, majalada yakaondoka. Arobaini ilifika, ikapita. Nguo zako nilizigawa kama majalada. Vijana wako waliendelea kukutana Jumanne na Alhamisi. Walipasha mwili joto, wakakaa chini, wakarudi makwao, maana hakuna aliyethubutu kuanza bila kauli ya Baba, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza. Loisi, aliyecheza ng'ombe wa mbele, aliniambia, "Dada Hamida, tunakuja tu tusije tukaacha kuja."

Mwezi wa kwanza, katikati ya palizi, simu yangu ililia ofisini. Alikuwa Baba.

"Niko stendi," akasema.

"Stendi ipi, Baba? Nani anaumwa?"

"Hapa Dodoma. Hakuna anayeumwa. Njoo unipeleke kwa wale watoto."

Unajua Baba haachi shamba wakati wa palizi. Hata Msafiri alipooa, Baba alikwenda siku ya pili. Nilimkuta stendi ameshika kofia mkononi na mfuko wa mbaazi.

Walimwekea kiti. Wakamsalimia mmoja mmoja, shikamoo Mzee, marahaba, wote wanane. Akakaa na fimbo yake kati ya magoti. Wakaanza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza pia kuuona, maana nawe ulikuwa umeninyima mpaka ukamilike. Niliona kilima, niliona korongo, vijana wawili waliolala chini wakijikunja mpaka nikaiona ardhi inavyomomonyoka. Niliona amri inasomwa bila neno lolote. Kisha ng'ombe wakatoka, Loisi mbele, shingo inageuka nyuma kila hatua tatu, na Ludovick nyuma yao na fimbo, anawaswaga kwa mwendo wa Baba. Hatua fupi. Bega limeshuka.

Baba akainuka. "Simameni," akasema. "Haikuwa hivyo."

Ludovick akashusha fimbo. "Tumekosea wapi, Mzee?"

"Hamkukosea ninyi. Mimi sikumwambia." Akatazama mlango. Nilidhani ataondoka. "Hatukuwaswaga. Ng'ombe hawaswagiki kuacha kwao, watakuzunguka warudi. Mimi nilitangulia mbele. Niliwaita kama ninavyowaita jioni kwenda zizini, nao wakanifuata. Njia nzima walidhani nawapeleka nyumbani."

Baba akavua makobazi, akayapanga ukutani, akaingia katikati ya sakafu. Akampa Loisi mgongo. Akaita, kwa ile sauti ya ulimi na koo ambayo tumeisikia tangu tuzaliwe, akaanza kutembea. Loisi akamfuata. Wengine wakamfuata Loisi. Wakazunguka ukumbi mara moja, Baba mbele hageuki. Nikaelewa kwa nini bega lile lilikuwa limeshuka: ni bega la mtu anayejizuia kutazama nyuma.

Sijui kama niseme Baba alicheza. Alitembea. Alipomaliza alikuwa ameloa jasho, akaomba maji. Nikamletea. Mkono wangu ulipompa kikombe nilisikia mahali fulani panauma, kidogo sana, kisha ikapita.

Alikaa kwangu siku nne. Kila jioni nilimpeleka mazoezini. Aliwafundisha namna ng'ombe anavyonusa maji kabla hajayaona, na namna mtu anavyorudi nyumbani na kamba tupu begani bila kujua aiweke wapi. Siku ya tano alirudi Pahi kumalizia palizi. Stendi aliniambia, "Angeniuliza tu, ningemwambia." Kisha akajisahihisha. "Aliniuliza."

Mwezi uliopita tuliuonyesha Pahi, uwanja wa shule, baada ya sala ya alasiri. Wazee walikaa mbele kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamewafika kidevuni. Nilitegemea watacheka wakiona watu wazima wamekuwa ng'ombe. Hawakucheka. Ludovick alipotangulia mbele na kuanza kuita, bibi mmoja upande wa wanawake akaanza kuita naye, akiwataja ng'ombe kwa majina, majina ya ng'ombe wa kwao waliokwisha kufa miaka arobaini iliyopita. Wenzake hawakumnyamazisha. Mama alikaa pembeni yangu akiwa amenishika kidole kimoja.

Mchezo ulipokwisha hawakujua kama mtu hupiga makofi. Wakainuka, kama watu wanavyoinuka msibani, wakaanza kupeana mikono.

Mzee Batholomeo wa kijiji cha pili, ambaye naye aliwapeleka ng'ombe wa kwao mwaka ule, alikuja kwa Baba. Alikuwa ametoka kwa mwanawe Babati baada ya mwaka mzima wa matibabu, hakuwa na habari ya msiba wako. Macho yake yalikuwa mekundu. Akamshika Baba mkono, hakuuachia.

"Ibrahimu, nani aliyeutunga mchezo huu?"

"Binti yangu," Baba akasema, kwa sauti, watu wakasikia.

"Yuko wapi nimpe mkono?"

Baba akawatazama vijana wako waliokuwa wanaokota fimbo uwanjani, vumbi limewajaa magotini.

"Yuko nao pale," akasema. "Anamalizia kazi. Atakuja."

Msafiri alikuwepo, Mama alikuwepo, mimi nilikuwepo. Hakuna aliyemsahihisha. Mzee Batholomeo akageuka kukutafuta, Mama akageuka, nami nikageuka kutazama.

Hapo ndipo nilipolia, Sikudhani.

Kisomo cha kukurehemu kitakuwa nyumbani Pahi, Ijumaa hii baada ya sala. Wote mnakaribishwa, wa dini zote. Mwenyezi Mungu akusamehe, akupe kauli thabiti, ailaze roho yako panapo nafasi.

Unakumbukwa na baba yako, Mzee Ibrahimu. Mama yako, Mwamvua. Kaka yako Msafiri na mkewe Nasra. Shangazi zako wa Kolo. Ludovick, Loisi na wenzao wote wa kikundi. Na mimi dada yako, Hamida.

Tukiwa hai, hutakosa wa kukukumbuka.