Karatasi Juu ya Ufa

Mlalo, Lushoto,
26 Mei 2024.

Mpendwa mdogo wangu Mika,

Pokea salamu tele kutoka huku milimani. Wewe, wifi yangu Jenipher na watoto hamjambo? Mguu ulioteguka umepona? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu inatukomoa. Mama anakohoa kidogo asubuhi, basi. Shikamoo yako ameipokea, anasema marahaba.

Sasa kaa kitako. Ufa wa sebuleni si wa nyumba. Nyumba ya Baba haiendi popote, na Mama haji kuhamia kwako Sumbawanga.

Nilipokutumia ile picha mwezi wa tatu, ufa umepanda toka dirishani hadi darini kwenye bodi mpya za jipsam, ulisema mlima unaibeba nyumba, Mama ahame haraka. Ukanisomea na methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama alisikia. Kesho yake akaanza kugawa kuku. Wawili alimpa jirani yetu Klara. Mika, roho iliniuma jamani.

Lakini alifanya jambo moja. Alikata ukanda wa karatasi kwenye kalenda ya kanisani, akaubandika juu ya ufa kwa uji mzito wa ngano, kama Baba alivyofanya kwenye ukuta wa zizi. Nyumba ikisogea, karatasi inachanika. Masika yote nimekuwa nikiikagua kabla hata ya kunawa uso. Mvua imenyesha, we acha tu, mpaka njia ya sokoni ikakatika. Karatasi nzima!

Na sasa nitubu. Fundi Fanueli, aliyezipiga bodi hizo, alikuja wiki iliyopita, baada ya mimi kumsema vibaya Mlalo nzima. Akanionyesha kuwa ufa umefuata pale pale bodi mbili zinapoungana, kisha akaniuliza kama nilisubiri ile wiki aliyoniambia. Yalaa! Kipaimara cha mwanangu Lulu kilikuwa Jumapili, ukungu umetanda, unga wa kuzibia maungio bado mbichi. Nikaingiza majiko mawili ya mkaa ukauke upesi. Ulikauka kweli, ukapasuka. Nyani haoni kundule, mdogo wangu. Nimemwomba radhi. Na wewe mpigie, maana maneno uliyomtupia kwenye simu hayakuwa ya mtu mzima.

Sisemi kazi yake haina kasoro. Saa nne asubuhi jua likiingia kwa ubavu unayaona maungio yote, na kona ya mlangoni imekwenda upande, kwa kuwa nyumba yenyewe ilipinda kabla sijazaliwa. Lakini nimegonga kila bodi kwa ngumi, zimeshika. Upepo hauingii tena, Mama anakaa sebuleni bila blanketi. Mimi nimeridhika. Fanueli ataziba ufa kiangazi, na safari hii nitasubiri.

Karatasi niliilowesha kwa maji ya moto ikabanduka. Ni hiyo iliyomo kwenye bahasha, ndiyo maana sikupiga simu. Iinue kwenye mwanga, utafute palipochanika. Mama anataka uione kwa macho yako.

Nisalimie wifi na watoto. Lulu anawasalimu sana. Naishia hapa, Mama amesimama mlangoni na tenga tupu, ananihimiza twende kwa Klara. Anataka kuku wake.

Mungu awalinde, na paa lenu lisivuje.

Dada yako akupendaye,
Zipora