Mrija wa Fideli

Buterere, Bujumbura

Dada yangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Nakusalimu kwa sauti ya chini, kwani huku hata salamu zimejifunza kutopiga kelele. Mgongo wa mama unaendeleaje? Umeniandikia kwamba bado ananiwekea sahani kila magharibi. Nitalirudia hilo. Mimi ni mzima, na redio za kutengeneza hazikosekani. Kila mtu anataka kusikia kama bado yu hai.

Alasiri mimi huwasomea majirani riwaya ya Kifaransa niliyoikuta sokoni ikichanwa kufungia sabuni. Ni habari ya nchi inayopata uhuru. Bendera ikipanda, samaki wananyesha, na wafu wanarudi makwao kunywa pombe ya sherehe. Wafu hawakumshangaza mtu. Ugomvi uliletwa na samaki: "Samaki gani, mukeke ama ndagala? Huyu mwandishi ni muongo!"

Jirani yangu Mama Fideli hakucheka. Mwanawe alishushwa kwenye basi penye kizuizi cha barabarani, hajaonekana tena. Kwa desturi yao msiba hufungwa kwa karamu ya pombe. Ndugu walimsihi afunge, akakataa: kufunga ni kukubali kwamba amekufa. Sasa kitabu kinasema wafu wanaorudi ni wale tu ambao msiba wao umefungwa.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Basi mi nafunga. Mutoto asikose njia."

"Mama, hii ni hadithi tu."

"We unasoma, mi nasikia. Kila mutu na kazi yake."

Akafunga. Sikukuu ya uhuru ilipofika akatoa chungu cha pombe ya mtama, mirija ikazunguka, na mmoja zaidi wa Fideli, umeelekea njiani. Mimi sinywi, wajua. Kwa hiyo tulikuwa wawili tusiogusa chungu, mimi na Fideli. Mara risasi zikaanza upande wa Gasenyi, wageni wakatawanyika. Yeye akabaki anatazama njia.

"Kitabu kilisema watakuja."

"Kilisema, mama."

Akauchomoa ule mrija, akaufuta kwa kitenge chake. "Apana. Kumbe ile ni inchi ingine."

Tangu siku hiyo hamngoji, na kumlilia hawezi, kwa kuwa msiba umefungwa.

Nisalimie shemeji mshona viatu, na mjomba aliyenifundisha herufi. Mwambie zimenifikisha hapa. Kuhusu ile sahani: njia ya kuja huko imefungwa, na sioni wa kuifungua. Mama mwache aiweke. Ila asisomewe kitabu chochote.

Mdogo wako huku kichwani mwa ziwa,
Ramadhani, fundi redio