Jogoo wa Gredi ya Sita

Jumatatu, 19 Mei 2025

Baridi ya Nyeri haina adabu. Nimefundisha na koti, nimekula na koti, na sasa naandika na koti.

Habari ni hii: Siku ya Wazazi ni Ijumaa tarehe 13 Juni, na kila gredi itaonyesha inachosoma. Madam Waithira, mwalimu mkuu, ameniachia Gredi ya Sita peke yangu — maana bado niko kwenye majaribio ya kazi, na mtu wa majaribio hakatai kitu. Mgeni wa heshima ni Mkurugenzi, yaani mzee mwenye shule. Akifurahi, atatia sahihi barua yangu ya kazi ya kudumu. Asipofurahi, narudi nyumbani Chwele, kule Bungoma, kumweleza mama. Mama ambaye ameshatangazia kanisa zima kwamba mimi ni mwalimu wa academy!

Basi nikapata wazo. Hawa watoto wanasoma Kilimo na Lishe, Hisabati, Sayansi, Jamii, Dini, Sanaa, Kiingereza, Kiswahili… hata mimi huchoka kuyataja. Kwa nini nisiyafunge yote kwa kamba moja? Jogoo! Tumfuge, tumpime, tumchore, tumwandikie insha, halafu siku yenyewe tumpike, wageni wale. Madam akasema hilo ni wazo la maana. Nikatembea kama mimi ndiye niliyeandika mtaala.

Jumatano, 21 Mei 2025

Watiri, yule msichana mpole wa kiti cha mbele, ameleta jogoo ndani ya katoni ya sabuni. Amekonda ajabu, ngozi na manyoya tu. Tutamnenepesha.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Nimetoka mapumziko nikakuta bunge darasani. Wanampa jogoo jina! Kihara alikuwa amesimama juu ya benchi — Kihara ana miaka kumi na moja na maneno ya wakili. Kwa Wagikuyu, alinieleza, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake upande wa baba. Na jogoo ndiye kifungua mimba wa darasa. Mama yake ni Watiri, kwa sababu ndiye aliyemleta.

"Lakini Watiri hajaolewa, Ticha. So jina inatoka kwao, kwa mzee wa boma yao."

Watiri akakubali bila kucheka hata kidogo. Guka yake, yaani babu yake mzaa baba, anaitwa Theuri. Kura zikapigwa, jogoo akaitwa Theuri.

Nilicheka mpaka nikashika dawati. Mila na desturi, somo la Jamii kabisa, na hata sikuwa nimelifikia! Nimewapa wote alama ya juu: wamezidi matarajio.

Jumanne, 3 Juni 2025

Theuri amenona! Na ukuta wa darasa umejaa yeye. Kwenye Hisabati kuna grafu, "Uzito wa Theuri Kila Wiki". Kwenye Sayansi kuna mchoro mkubwa wa rangi, "Tumbo la Theuri na Yaliyomo". Insha ya Kihara inaanza hivi: "Theuri ni mlafi, mvivu na mwenye majivuno, lakini sote tunampenda." Kwenye Dini wameandika sala ya kumwomba Mungu ampunguzie Theuri hasira. Kundi la Sanaa nalo limepaka ubao rangi nyekundu na kuutundika juu ya kibanda chake: THEURI. Unasomeka hata kutoka geti.

Madam Waithira hajaingia darasani kwangu, anahangaika na mahema. Anasema ananiamini. Barua ya kazi naiona inakuja.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimekwisha.

Ratiba ya Siku ya Wazazi imeletwa imechapishwa vizuri. Mgeni wa heshima: Mzee Josphat Theuri, Mkurugenzi.

Theuri!

Tangu nije hapa sijasikia mtu akimwita kwa jina. Ni Director, ni Mzee, ni Baba Duncan. Nikamwita Watiri kando.

"Guka yako hufanya kazi gani?"

"Ako na shule, Ticha."

"Shule gani?"

"Si ni hii tu."

Kwenye rejista ameandikwa Joy Watiri Duncan. Duncan! Baba yake ndiye huyo Duncan wa Baba Duncan, na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu muhula mzima.

Nilirudi ofisini nikamaliza mandazi niliyomnyang'anya Kihara asubuhi. Nikiogopa, mkono huenda mdomoni wenyewe, hata sijui ninatafuna nini.

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimejaribu kumbadilisha jina. Nimependekeza Simba. Nimependekeza Bwana Kuku. Wamenitazama kama ninayetukana.

Kihara: "Ticha, mtoto akishapewa jina haibadilishwi. Ata ni mbaya. Anaweza kataa kukua."

Nilitaka kumwambia huyu hana haja ya kukua, ana siku tatu. Lakini Watiri akaja mezani kwangu taratibu.

"Ticha, kwetu tuko wasichana pekee. Guka husema jina yake itaisha na yeye. Sasa nimempatia."

Mtoto amempa babu yake zawadi, na mimi nimeipangia sufuria. Nilimwuliza, kwa upole, kama anakumbuka jogoo ataliwa. Akasema ndiyo, na akauliza kama atakuwa na chapati ama ugali.

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimemwambia Khisa, askari wa geti, mtu wa kwetu Bungoma. Alicheka hadi rungu likamponyoka. Amekubali kuchinja, kwa sharti moja.

"Dada, wewe ni Mluhya. Hiyo firigisi usikate, usichanganye na nyama. Ni ya mwenye boma. Weka kwa kisahani yake, umpelekee na mikono mbili."

Kwa hivyo nimpe Theuri firigisi ya Theuri. Asante sana, Khisa.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Ubao mwekundu nimeuficha. Ukutani nimebandika vipande vya karatasi juu ya kila jina, vyote vimeandikwa "Jogoo". Watoto tumekubaliana: kesho hakuna kumtaja kwa jina. Tumefanya mazoezi ya shairi, jogoo, jogoo, jogoo, hakuna aliyekosea. Wamekubali upesi mno, hilo ndilo linanitia wasiwasi.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Asubuhi. Theuri yuko sufuriani. Hakuna aliyelia. Kihara ameulizia paja tu.

Ukungu umeingia mpaka darasani na gundi imekataa kukauka. Karatasi zinaanguka! "Tumbo la Theuri" liko wazi. Nimesimama mbele yake na sitoki.

Kabla ya chakula. Mungu yupo! Mzee amepita akitazama ukuta — miwani ameisahau kwenye gari. Amesifu rangi. Madam Waithira, mwenye macho mazima, amesoma yote. Amenishika kiwiko. Nina alama za kucha.

Stoo. Nimejifungia. Nimekalia gunia la maharagwe, daftari hili nimelitoa mfukoni mwa koti.

Ilikuwa hivi. Wageni wameketi, mimi niko mlangoni na kisahani cha firigisi, nangoja sala iishe nimpelekee mzee. Madam akaita mtoto wa kuombea chakula. Sala hatukuifanyia mazoezi! Na nani akasimama? Watiri. Akafumba macho, akaombea wazazi, akaombea mvua. Kisha:

"Na tunakushukuru kwa Theuri, vile amekuwa mtoto mzuri, na amekubali kupikwa. Amina."

Wazazi wote wakaitika amina. Mzee akaweka uma chini.

"Theuri gani?"

Kihara huyo, juu ya benchi. "Ni wewe, Director. Sababu Watiri hajaolewa."

Sikungoja. Nimetimua mbio na kisahani mkononi mpaka hapa.

Huko nje hakuna kicheko. Viti vinasogezwa. Nawaza Chwele. Nawaza mama atapitaje mbele ya kanisa. Ningemwambia nini mzee? Kwamba mtoto alifanya kwa mapenzi, na mpumbavu ni mimi? Naogopa, kweli naogopa. Natafuna tu na kuandika.

Kuna anayebisha. Ni Watiri.

"Ticha, nimeeleza Guka yote. Ametoa kofia, anapanguza macho. Madam anasema analia. Khisa anasema anacheka."

Nikamwuliza amesema nini.

"Ameitisha ile barua yako."

Ya kutia sahihi au ya kuchana?

"Hajasema. Lakini Khisa amemwambia firigisi ni ya mwenye boma, sasa hataki nyama ingine. Anangoja hiyo. Amesema ni lazima uilete wewe mwenyewe."

Nimetazama kisahani. Kimebaki na mchuzi tu.