Sauti ya Kuazima

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Dada ameniambia umeanza tena kuinamia beseni la mashuka peke yako, ilhali watu wazima wamejaa humo ndani, nikasema huyo ndiye mama ninayemjua, haambiliki. Na baba, kifua kimetulia? Mimi mwilini sijambo. Nakula, nalala, masomo yanasonga. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu, kwa hiyo tafuta mahali penye mwanga, uvae miwani, usome taratibu.

Najua majirani wakikuuliza mwanao anasomea nini, unajibu "mambo ya simu," halafu unageuza mazungumzo. Si kosa lako. Hata mimi nilidhani nitafundishwa kuchora vitufe vya kupendeza. Kumbe mwalimu wetu, mwanamke mfupi mwenye maneno makali na moyo laini, alitukataza kwanza kugusa kompyuta. Alisema kifaa kizuri huanza kwa mtu. Unamfuata alipo, unakaa, unatazama anavyohangaika, ndipo unachora kwenye karatasi. Unampa ajaribu, anakosea, unarudi kuchora upya. Na akikosea, alisema, aliyekosea ni wewe uliyechora. Akatugawa katika vikundi, kila kikundi kitafute mtumiaji wa kweli, kimtumikie muhula mzima.

Kikundini kwetu tulikuwa wanne. Kapteni, tuliyempa jina hilo kwa sababu hata kwenda kunywa chai alitaka tupange mstari, Mchoraji, binti mwenye mikono myepesi, Fundi, anayeandika programu na kuongea kwa nadra, na mimi. Shangazi yake Mchoraji ndiye aliyetupeleka kwa bibi mmoja, mshonaji wa zamani, ambaye macho yalimzimika polepole hadi sasa haoni ila mwanga wa dirisha. Anaishi na mumewe, dereva mstaafu wa malori, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Shida yake ilikuwa kwamba watu humwandikia ujumbe kwenye simu, naye hulazimika kumngoja mzee arudi amsomee. "Hata siri zangu," alituambia, "huyu ndiye huzijua kwanza." Mzee akacheka huko alikokuwa.

Mama, niliipenda kazi ile. Mchoraji alikata boksi kwa kipimo cha simu, akashonea juu yake vifungo vya nguo, kimoja kwa kila kazi, maana tuliona vidole vya bibi vinajua vifungo kuliko kitu kingine chochote. Bibi akavipapasa akitabasamu. Hiki cha koti la mwanamume, hiki cha gauni la mtoto. Pale tulipoweka viwili karibu karibu alikosea kila mara, tukavitenganisha. Tulirudi na boksi jipya, na jingine tena, hadi vidole vyake vikaacha kusitasita.

Ndipo Fundi akaitia kazi yetu kwenye simu halisi. Tatizo likawa sauti. Mashine ilisoma Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na bibi hakuielewa. Kapteni akaamua kwamba wakati Fundi anainyoosha mashine, maelekezo yarekodiwe na mmoja wetu, kura ikaniangukia. Nikajifungia kabatini katikati ya nguo ili pasiwe na mwangwi, nikasema: "Una ujumbe mpya. Gusa katikati." Na kisha: "Hakuna ujumbe mpya."

Siku ya kumjaribisha, bibi aligusa, sauti ikatoka, mkono wake ukaganda hewani. Akagusa tena. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Aliliweka chini sakafuni kana kwamba limemzidi uzito. Bibi akauliza ni nani aliyesema. Nikamjibu ni mimi. Akanigeuzia uso, akasema polepole, "Sema tena, mwanangu." Nikasema. Kisha akasema simu ni nzuri, tuiache.

Simu ile ilikuwa inahesabu inavyotumiwa, ili nasi tujifunze. Hesabu ikapanda, ikazidi kupanda. Kapteni alicheza katikati ya darasa, akasema hakuna kikundi chenye mtumiaji kama wetu. Mimi nilipotazama kwa makini niliona jambo jingine. Bibi hakuwa amepata ujumbe wowote siku hizo. Alikuwa anafungua programu kutwa nzima, aambiwe kwamba hakuna ujumbe mpya, anafunga, anafungua.

Nikaenda peke yangu. Nilimkuta mzee ameketi nje, mgongo kwa ukuta. Alinieleza bila kuniangalia. Walikuwa na binti, kitindamimba kama mimi. Alipata kazi mbali, akapanda basi, akaahidi kupiga simu akifika. Basi lilitumbukia mtoni. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. "Sauti zenu ni moja," alisema. "Ikianza kusema, mimi hutoka nje." Nikamuuliza kama niibadilishe. Akasema simu ina mwenyewe, niingie nikamuulize. Nikaingia.

Baada ya siku ile hesabu ikaanguka. Bibi hakuigusa simu tena. Kapteni alichanganyikiwa, akamlaumu Fundi, Fundi akaikagua programu yote asione kasoro. Tukaenda kuwasilisha kazi na mchoro wetu wa hesabu unaopanda kama mlima kisha kuporomoka ghafla. Wenzetu walivisifia vifungo. Mwalimu akauliza kwa nini mtumiaji aliacha. Kapteni akasema huenda ni betri. Nikainuka nikasema, "Alipata alichokitaka." Mwalimu akaniambia niketi. Tulipata alama za wastani, na hadi leo Kapteni akiniona hubadilisha njia.

Sasa nikwambie nisilomwambia yeyote, mama. Siku ile nilipoingia, bibi alinitambua kwa hatua zangu. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Macho ndiyo yaliyokufa," alisema, "akili ninayo. Najua wewe si yeye." Ila alikuwa na haja moja. Alitaka nimtilie kwenye simu maneno matatu ambayo hakuwahi kuyapata: Mama, nimefika salama.

Sikuweza kukataa. Tulifundishwa kumsikiliza mtumiaji, na huyu alijua anachotaka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Niliketi kwenye kitanda cha yule binti, kilichotandikwa vile vile alivyokiacha. Nikarekodi. Bibi akasema ni haraka mno. Nikarudia. Akasema nina huzuni, na binti yake hakuwa na huzuni, alikuwa mchokozi. Nikarudia tena. Ndipo akanifundisha kwamba mwanawe kabla ya kusema "Mama" huvuta pumzi kwanza, fupi, kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Nikaivuta pumzi ile. Akainua mkono. Ndiyo yenyewe.

Aliisikiliza mara moja tu. Akaikumbatia simu kifuani, akakaa. Kisha akamwita mumewe aitie kabatini, na yale mashuka ya kitandani yatolewe yakafuliwe. Mzee ananiambia siku hizi bibi analala usingizi wa mtoto.

Ningefurahi, mama. Lakini pumzi ile haikubaki kwenye simu. Nimetoka nayo. Nikitaka kumwita hata mama muuza duka, inatangulia, na si yangu. Ninayekaa naye chumbani ameshaniuliza kama nina pumu. Maneno yale niliyatamka kwa mama asiye wangu, kwa niaba ya mtu ambaye hakufika popote, na tangu hapo kila nikitaka kuyatamka kwako ulimi unakwama. Ndiyo maana sipokei simu zako. Nilimdanganya dada kwamba ni mitihani. Ukweli ni kwamba naogopa nitakuita, utasikia pumzi ya mwingine, utauliza, "Nani mwenzangu?"

Chuo kinafungwa mwisho wa mwezi, nami nakuja nyumbani. Msalimie baba, lakini haya usimsomee, kifua chake hakihitaji mzigo. Mbusu dada na wanawe, na usiinamie hilo beseni.

Siku hiyo nikifika, mama, usikae ndani ukingoja hodi. Ukisikia mlangoni mtu anavuta pumzi, wahi wewe. Niite jina langu kabla sijakuita. Liite kwa nguvu.

Nitaitika.

Mwanao, kitindamimba wako