Nilivyoisingizia Chumvi

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa, maana najua umenuna. Miguu yako inaendeleaje? Shemeji bado anakoroma mpaka bati linatikisika? Huku mimi mzima. Wajukuu nao hawajambo, ila kila wakitoka shule wananiuliza mama yao yuko wapi, nami nawaambia wale kwanza.

Nakuandikia kwa mkono wangu, mwandiko wa darasa la tatu, kwa sababu simu hupokei. Najua mkwe wangu yuko kwako. Usinidanganye. Wewe tangu utotoni ukificha kitu unakuwa mpole kupita kiasi.

Mwanangu, fundi makochi wetu, unajua ini lake limekuwa gumu tangu alipougua homa ya ini. Tumbo hujaa maji, hospitali wanayatoa, linajaa tena. Walipomkataza chumvi, mkewe aliitoa jikoni kabisa. Nilimsema sana. Mboga zake zilikuwa kama majani yaliyooshwa tu.

Wiki iliyopita mkojo ulipungua, ukawa mweusi kama chai ya rangi, naye akawa anasinziasinzia. Jumamosi tukampeleka. Daktari ni binti mdogo ambaye ningeweza kumtuma dukani, lakini kichwa anacho. Alisema figo zenyewe hazijaoza. Ini bovu limevuruga mwendo wa damu, figo hazipati damu ya kutosha, zimegoma. Wakasimamisha vidonge vya kukojoza, wakayapima maji ya tumbo kuona kama yana vijidudu, wakamtundikia chupa za protini ya damu pamoja na dawa ya kubana mishipa ili damu irudi kwenye figo. Nikauliza mbona hawamweki kwenye mashine ya kusafisha damu. Akasema mashine humshikilia mtu kwa muda tu. Kinachoponya ni kupandikizwa ini jingine, na foleni yake ni ndefu.

Kisha akauliza kama mgonjwa amemeza dawa yoyote ya maumivu. Mwanangu akanitazama, halafu akasema hajameza kitu. Mimi nikadakia kwamba aulizwe mkewe na chumvi yake. Tulipotoka nikamsema mkwe wangu, yule binti wa watu, koridoni, mbele ya manesi na mfagiaji, nikamwambia anamuua mume kwa sufuria. Alirudi ndani akamfunika mumewe miguu, akachukua mkoba, akaondoka.

Sasa nisikilize, wala usigunegune. Mgongo ulikuwa unamuuma mwanangu. Mkewe alikataa kumpa chochote mpaka waulize hospitali, nami nikaona ni roho mbaya. Nikampa vidonge vyangu vya magoti, viwili asubuhi, viwili jioni, siku sita, nikamwambia asimwambie mkewe. Chumvi haikuwepo. Ni mimi. Na aliponitazama mbele ya daktari, alikuwa ananificha. Mtu yuko hoi kitandani, bado anamsitiri mama yake, na mama anakubali kusitiriwa!

Siku mbili nilikaa nalo kifuani. Jana nikampelekea daktari pakiti tupu, nikaiweka mezani kwake. Nilingoja anifokee, mimi ningefoka. Akasema tu kwamba dawa zile huzinyima damu figo za mtu kama yeye, kwamba ini lilikuwa limechoka hata bila mimi, ila angefurahi kujua mapema. Hilo neno mapema nimerudi nalo mpaka nyumbani.

Leo dawa ya mishipa ina siku ya nne. Mkojo wa jana haukufika nusu kikombe. Wanangoja mpaka Ijumaa. Figo zisipoamka, watabaki kumpunguzia maumivu tu. Akizinduka anamwita mkewe. Mimi haniiti, ingawa nipo.

Barua hii anakuletea jirani yangu kesho. Msomee mkwe wangu yote, hata pale ninapojiaibisha. Usiilainishe, nakujua. Mwambie simwiti aje kupika, wala simlazimishi kunisamehe; hilo ni lake. Aje amwone mumewe angali anamtambua. Kando ya kitanda wanaruhusu mtu mmoja tu kukaa. Nimeshamwambia nesi kwamba mtu huyo ni yeye, na mimi nikiwa nimekaa pale, aniinue.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi dada yako mkubwa, mkosaji.