Maneno Aliyoyaacha Margwe Kwenye Ukungu

Jumapili, Karatu. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mpaka sasa sijauona hata mti wa mgrivea wa jirani. Kanisani sikwenda. Mgongo unauma, viganja vimetoka malengelenge, na kila nikifumba macho naona barabara nyekundu inanijia.

Jana niliendesha pikipiki ya mume wangu mpaka Ngorongoro.

Niandike taratibu, nisije nikayachanganya.

Margwe, mume wangu, alikuwa bwana shamba. Yeye na wenzake watatu walikuwa na kachama kao cha pikipiki: Paskali bwana mifugo, Aminieli fundi wa gereji aliyetoka Machame, na Mwalimu Safari. Hakuna katiba wala kadi. Kila mmoja alibana petroli yake kidogo kidogo, maana tangu vita vya Uganda petroli ni ya kutafutwa kwa tochi, halafu Jumamosi moja moja wanatoka pamoja. Mbulu, Oldeani, Mang'ola. Mimi nilikuwa nawafungia maandazi ya njiani huku nanung'unika.

Mwaka jana, msimu wa ukungu kama huu, walipanda Ngorongoro. Margwe alikuwa wa mwisho kwenye msafara. Wenzake walipofika chini uwandani wakaona hayupo, wakarudi kumtafuta. Walimkuta kwenye kona, upande wa mteremko wa kwenda Olbalbal, amelala kando ya barabara, amefunikwa shuka nyekundu. Ameshakata roho.

"Shemeji, hakuteseka," Paskali aliniambia siku ile. "Alikufa palepale."

Nililishika neno hilo, nikalala nalo miezi yote. Lakini shuka ilirudi nyumbani pamoja na mwili, na mtu aliyekufa palepale hajifuniki. Nilikuwa naifua, naianika, naikunja. Kuuliza sikuthubutu.

Pikipiki aliitengeneza Aminieli. Ndugu za marehemu walitaka iuzwe, nikakataa, na sababu sikuwa nayo. Margwe ndiye aliyenifundisha kuendesha, mwaka tuliooana, kwenye mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, mahali ambapo ukianguka unaangukia mabua. Wiki iliyopita nilimwambia Paskali: mkipanda tena kule, nakuja.

"Atakubeba nani?"

"Sibebwi."

Basi jana asubuhi nikavaa suruali yake na koti lake, nikajifunga kitenge juu ili akina mama wa sokoni wapate angalau kitu kimoja cha kunisamehe. Hawakusamehe. Mmoja alipiga ishara ya msalaba. Sijui aliogopa mwanamke juu ya pikipiki, au kwa koti lile alidhani amemwona marehemu mwenyewe.

Kwenye geti la hifadhi Paskali alionyesha kibali chake cha kazi, tukapita. Msitu ukatumeza. Waliniweka katikati, hawakutaka niwe wa mwisho. Ukungu ulipolilowesha koti, harufu ya Margwe ikaamka shingoni mwangu, tumbaku na sabuni ya mche, mbichi kama ametoka kulivua sasa hivi. Niligeuka kutazama nyuma. Ilikuwa taa ya Mwalimu Safari tu. Nikageuka tena. Na tena.

Walikuwa wamepanga tuipite kona ile polepole, bila kusimama.

Nilisimama.

Wenzangu walizima injini mmoja baada ya mwingine. Pakawa kimya hata nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani. Kisha akatokea mama wa Kimasai, anapanda kutoka bondeni, anahema. Paskali, ambaye Kimasai anakijua kwa kazi yake, alimsalimu, "Yeyo, takwenya." Aliitikia bila kumtazama. Alikuwa anaitazama pikipiki. Akaweka mkono kwenye taa ya mbele, pale ilipopinda na Aminieli akashindwa kuinyoosha. Akaanza kusema.

Paskali alitafsiri, na sauti yake ikazidi kuwa ndogo.

Siku ile mama huyu alikuwa anarudi na punda wake, wamebeba maji. Alisikia kishindo. Akamkuta Margwe, akakaa chini, akampakata kichwa. Alikuwa hai.

"Kwa muda gani?" niliuliza.

"Anasema mpaka punda walipochoka kumsubiri, wakaenda nyumbani wenyewe."

Margwe alipotulia, mama alimfunika shuka yake mwenyewe, akakimbilia bomani kuita wanaume. Waliporudi hawakukuta kitu ila alama za magurudumu. Tangu siku hiyo, kila akisikia pikipiki hupanda barabarani, lakini hufika zimeshapita. Alikuwa na mzigo. Margwe alisema maneno, kwa lugha asiyoijua, na maneno ya mtu anayekufa si ya mgeni kukaa nayo. Kwa hiyo aliyarudia akichunga, akikamua, asiyapoteze.

Kisha akanitazama mimi, akayasema.

Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani. Kilichovunjika hapa na pale katika ulimi wa Kimasai, lakini na ule uvivu wa Margwe mwishoni mwa sentensi. Sauti ya mume wangu ilitoka kwenye kinywa cha mama yule, kwenye ukungu, ikaniambia:

"Funga mlango, baridi inaingia."

Basi. Hakumwita Mungu. Hakuniita kwa jina. Alikuwa nyumbani, kitandani, ananisubiri niingie, kama alivyosema kila usiku wa ndoa yetu.

Paskali aligeuza uso pembeni, analia. "Nisamehe, shemeji. Tulimkuta ameshapoa, nikajua..." Nikamwambia hakujua, na kwamba hata kama angejua, ningependa aseme vilevile. Sina hakika kama ni kweli.

Nilimwuliza mama yule alimjibu nini. Alisema alidhani mgonjwa anaomba kitu, akamwitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto: ndiyo, ndiyo, tayari. Margwe akashusha pumzi, akatulia.

Tulishikana mikono kwa muda mrefu, sisi tusio na lugha moja. Mikono yake ilikuwa na joto.

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Nilikuwa nimeishi na kifo kifupi, kisicho na maumivu wala mtu. Sasa nina kirefu, chenye baridi, na mapaja ya mama nisiyemjua chini ya kichwa chake. Sijui kipi kizito zaidi. Najua tu kwamba hiki siwezi kukirudisha.

Kwa ile tayari yake, mama yule alimwambia mlango umefungwa, naye Margwe akaamini. Alidhani ni sauti ya nani?

Nataka iwe yangu. Na naogopa kwamba ilikuwa yangu iliyomruhusu aende.

Kesho asubuhi nina zamu yangu ya kazi zahanati. Nitakwenda kwa pikipiki, watazame wanavyotaka.